Maji ya Hansi

Novemba ya mwaka tisini na tano, Mzee Ildefonsi Kapinga alianza kumwonea mbwa wivu.

Hakulitambua hilo mara moja. Mtu wa miaka sabini na miwili, mzee wa kanisa aliyesimamia ndoa kumi na tisa kule Mkumbi na zikasimama zote isipokuwa mbili, hatarajii kukuta kitu cha namna hiyo moyoni mwake. Mwanzoni alidhani kifua chake kimeanza tena. Kila alipomwona binti yake Oliva akipita uani na gunia lililoloweshwa, akilitandika kwenye sakafu ya baraza, kisha akiita kwa sauti laini, "Hansi, njoo ulale baba," kitu kilimbana chini ya mbavu, upande wa kushoto. Akajaribu kukohoa. Kikohozi hakikuja. Ndipo akajua kwamba haumwi.

Baba! Alikuwa amemwita mbwa baba!

Mzee alishuka kutoka milimani mwezi wa nane, baada ya nimonia kumlaza wiki tatu. Mganga wa zahanati alimwambia wazi kwamba baridi ya Mkumbi itamuua. Kama ana mtoto anayekaa ziwani, aende huko, joto ndilo dawa yake. Basi Oliva akapanda kumchukua. Mzee akamwachia mdogo wake Urbani mashamba ya kahawa, tena wakati wenyewe ndio huo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupanda Mkumbi na mizani zao, na kila mwanamume kijijini alikuwa na la kusema juu yao. Na yeye alikuwa na la kusema. Lakini alibebwa kwenye lori, amefunikwa kama mtoto, akashushwa Lipingo, kando ya ziwa, nyumbani kwa mkwewe, Mwalimu Cuthbert, mume wa Oliva.

Oliva hakufanya mzaha na maneno ya mganga. Alimpa baba yake chumba cha ndani, chini ya bati, akafunga dirisha na kulipigilia misumari ili upepo wa ziwa usimguse kifuani. Akampa mablanketi mawili na sweta ya sufu. Asubuhi uji wa moto, jioni uji wa moto, na maji ya kunywa kutoka kwenye chupa ya chai, vuguvugu. Mwezi wa nane mambo hayo yalikuwa mazuri. Mwezi wa tisa yalivumilika. Ilipoingia Novemba, mvua ikawa inatishia kila siku bila kunyesha, na joto la Lipingo likawa si la kuchoma tu bali la kulowesha. Shati lilimgandama mgongoni kabla hajamaliza vifungo. Usiku alilala akisikiliza jasho lake likimtiririka kuingia masikioni.

Hakusema neno. Angesemaje? Joto lenyewe ndilo dawa. Tena nyumba ilikuwa ya mkwe, na kwa mkwe mtu hali akavimbiwa, hacheki mpaka magego yakaonekana, wala hasemi kwamba chumba alichopewa kinamshinda. Mwalimu Cuthbert alipomwuliza kila asubuhi, "Shikamoo baba, umeamkaje?" yeye alijibu, "Marahaba mwanangu, nimeamka salama kabisa," huku ndevu zikimdondoka maji.

Sasa huyo Hansi. Alikuwa mbwa wa Bwana Pankras, mtu wa Njombe, aliyepunguzwa kazi katika shirika la umma akaja ziwani kununua samaki wa rangi, wale wadogo kama kidole wanaokaa kwenye mawe. Watoto wa Lipingo walicheka mpaka wakalala chini waliposikia kwamba samaki hao hawaliwi, bali hupandishwa ndege wakatazamwe na Wazungu ndani ya vioo. Bwana Pankras alisema hayo ndiyo mambo ya soko huria: usichokithamini wewe, mwenzako ana haja nacho. Aliposafiri kupeleka samaki wake Dar es Salaam, wiki mbili au tatu, alimwachia Oliva nyumba yake na mbwa wake, naye Oliva aliona ni rahisi zaidi mbwa aje kukaa kwake.

Alikuwa mbwa mkubwa wa kizungu, manyoya marefu kama blanketi la tatu, aliyezaliwa kwa masista huko kwenye ukungu wa Njombe. Joto la ziwani lilimtesa. Bwana Pankras aliacha maagizo kwenye daftari, na Oliva aliyashika kama katekisimu. Mbwa atembezwe alfajiri, kabla jua halijatoka mlimani, na jioni baada ya saa kumi na moja. Kabla ya kutoka, mtu aweke mgongo wa kiganja kwenye mchanga. Kama hawezi kuuacha hapo akahesabu hadi kumi, mbwa asitoke. Achukuliwe maji kwenye kidumu na bakuli lake. Asiburutwe; akisimama, na mtu asimame. Ulimi ukipanuka na kulegea kama jani la mgomba, ute ukawa mzito, apelekwe kivulini upesi, aloweshwe tumbo, makwapa na nyayo, apepewe.

Mzee aliyajua yote hayo kwa sababu alikaa kwenye kiti chake nyuma ya mlango na kutazama. Alitazama Oliva akimchana mbwa manyoya ili upepo umwingie. Alitazama Hansi akilala kwenye saruji ya baraza inayoelekea ziwani, mahali penye upepo kuliko pote katika nyumba ile. Na chini ya mkorosho wa uani palikuwa na mtungi mdogo uliofukiwa nusu kwenye mchanga mbichi, umefunikwa kwa kitambaa kilicholowa. Maji yake yalikuwa baridi mpaka mtungi ukatoa jasho. Yalikuwa maji ya Hansi.

Siku moja Oliva alipokwenda kisimani, mzee alijikongoja hadi pale, akatazama huku na huku, akachota kwa kiganja. Maji yakateremka kifuani kama yale ya chemchemi ya kwao. Akachota tena. Hansi alikuwa amelala pembeni, akafungua jicho moja, akalifumba.

"Unatazama nini?" mzee alimwuliza.

Kuanzia siku ile alikunywa kila siku.

"Maji ya Hansi yanaisha upesi siku hizi," Oliva alisema kwa mshangao. "Maskini, joto linamzidi." Akanunua mtungi mkubwa zaidi.

Jumapili mzee alikwenda kuungama. Alipiga magoti, akataja hasira, akataja kusinzia wakati wa rozari, halafu akanyamaza. Padre akangoja. Lakini mtu ataanzaje? Baba, nimemwibia mbwa maji? Baba, nataka binti yangu anitandikie gunia? Akaomba baraka, akaondoka na dhambi yake.

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi ule, Mwalimu Cuthbert na mkewe walijiandaa kwenda Tingi kumpa pole mwalimu mwenzao aliyefiwa. Wangerudi alasiri. Oliva alisimama mlangoni, kanga imefungwa vizuri, na kutoa maagizo.

"Baba, Hansi nimeshamtembeza asubuhi. Naomba asitoke tena mpaka nirudi. Gunia likikauka, ndoo ile pale, limwagie kidogo tu. Akihemahema sana mpe maji, ila usimlazimishe. Na kamba yake nimeining'iniza nyuma ya mlango, usimfungue hata watoto wakikuomba." Akageuka kuondoka, akakumbuka, akageuka tena. "Na wewe baba, usivue sweta."

Mzee alihesabu. Maneno manne ya mbwa, moja lake, na lenyewe lilikuwa sweta.

Alikaa kwenye kiti mpaka saa sita. Mawingu yalikuwa yamefunga, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria, hakuna jani lililotikisika. Jua halikuonekana kabisa. Alitoka uani, akaweka mgongo wa kiganja kwenye mchanga. Haukuunguza. Akahesabu hadi kumi na tano kwa makusudi.

"Unaona?" alimwambia Hansi. "Hakuna jua. Mchanga umepoa. Mbwa mzima na nguvu zake analala siku nzima kama mwanamke aliyejifungua jana! Kwetu mbwa anapanda mlima na kushuka, na hakuna anayempepea."

Akachukua kamba nyuma ya mlango. Alijiambia anakwenda kununua ugoro kwenye duka la huko mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, mwendo wa nusu saa. Kidumu cha maji alikiona, kimesimama karibu na mlango. Akakipita.

Hansi alifurahi. Hilo ndilo mzee alilolikumbuka baadaye kuliko yote: mbwa alimrukia kwa furaha, akamlamba mkono, hakuwa na kinyongo naye hata chembe. Wakashika njia ya ufukweni. Walimkuta Edina, jirani, akigeuza usipa wake, dagaa wa ziwa lile, juu ya uchanja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Unamtoa Hansi saa hizi? Mama Mwalimu huwa hamtoi mchana."

"Mbwa ni mbwa, mwanangu," alisema mzee, na hakusimama.

Robo saa ya kwanza mambo yalikuwa sawa. Mzee alitembea kifua mbele, akijisikia mwanamume mwenye shughuli. Lakini ile hewa chini ya mawingu ilikuwa nzito na mbichi, kama ya ndani ya chungu kilichofunikwa. Jasho lilitoka na halikukauka. Na kama lake halikukauka, mbwa, ambaye hana jasho bali ulimi tu, alikuwa anapumulia maji matupu. Hakuna aliyeliandika hilo kwenye daftari, kwamba fukuto la mawingu lina ubaya kuliko jua lenyewe. Au pengine liliandikwa na Oliva hakulisoma kwa sauti.

Walipofika kwenye mawe makubwa, Hansi alisimama. Mzee akavuta kamba.

"Twende, mvivu wee."

Mbwa akaenda hatua tatu, akasimama tena. Mzee akamgeukia kwa hasira, na ndipo akauona ulimi. Ulikuwa umetoka wote, mpana, mwekundu wa kuiva, umelegea kama jani la mgomba. Ute ulining'inia nyuzi nyuzi. Macho yalimtazama bila kumwona. Kisha miguu ya nyuma ikalegea, Hansi akakaa, akalala ubavu, na tumbo likawa linapanda na kushuka kwa haraka ambayo mzee hakuwahi kuiona kwa kiumbe aliye hai.

"Hansi," alisema. Lilikuwa jina ambalo hakuwahi kulitamka. "Hansi, amka."

Alitazama njia ya nyuma, hakuna mtu. Ya mbele, hakuna mtu. Ziwa lilikuwa hatua thelathini tu, chini ya mteremko wa mchanga. Akajaribu kumbeba, akashindwa. Akavua sweta, akaipitisha chini ya kifua cha mbwa kama machela, akaburuta kinyumenyume. Moyo ulimdunda mpaka masikioni. Vimulimuli vyeusi vikaanza kucheza mbele ya macho yake, akajua kwamba yeye mwenyewe yu karibu kuanguka, na wakianguka wote wawili pale juu watakutwa wameshakufa. Akavuta. Akapumzika, akavuta tena, akilia kwa sauti bila kujua kwamba analia.

Majini alijiachia tu, akakaa chini na nguo zake, maji yakamfika kifuani, na kichwa cha mbwa akakipakata mapajani kisizame. Halafu mikono yake ikaanza kufanya kazi bila kuuliza. Iliyajua yote. Tumbo kwanza. Makwapa. Nyayo, moja moja, akitanua vidole. Masikio kwa nyuma. Hakumimina maji mdomoni, maana alikumbuka Oliva akiwaonya watoto kwamba atapaliwa. Akavua kofia yake akampepea. Wiki zile zote alizokaa nyuma ya mlango akiutafuna moyo wake, hakuna alichokosa kuona.

"Usife," alimwambia kwa Kimatengo, maana Kiswahili kilikuwa kimemtoka. "Maji nilikunywa mimi. Nitakuachia. Usife, Oliva atanitazamaje?"

Alirudia maneno hayo muda mrefu. Hata aliposikia lile tumbo linapunguza kasi, na ulimi ukaingia nusu, na mkia ukapiga maji mara moja, aliendelea kuyarudia.

Oliva na mumewe walirudi mapema. Edina aliwapokea njiani na habari, na Oliva akavua viatu akakimbia. Mzee alimwona akitokea kwenye mawe, kanga ikipepea nyuma, mdomo wazi. Akainua mkono. Oliva aliingia majini, akampita baba yake, akapiga magoti mbele ya mbwa.

"Hansi! Hansi jamani! Umemfanya nini?"

Akampapasa, akamfunua mdomo, akatazama ufizi. Mzee alikaa vilevile, mkono bado uko juu. Kitu kile chini ya mbavu kilimbana kwa nguvu mpya, na safari hii kikatafuta mlango wa kutokea.

"Na mimi nasikia joto, Oliva," alisema.

Oliva akageuka. "Unasemaje?"

"Nasema na mimi nasikia joto! Miezi mitatu naiva kwenye kile chumba! Umelipigilia dirisha misumari. Unanipa uji wa moto, unanivika sufu, halafu mbwa, mbwa wa watu, unamtandikia gunia la maji na kumwita baba! Maji yake nakunywa mimi. Ndiyo. Nayaiba. Kila siku."

Mwalimu Cuthbert alikuwa ameshafika ufukweni. Aliposikia hayo, akageuka kwa adabu na kuanza kutazama mawe.

Oliva alimkodolea baba yake macho. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, nyumbani kwa mkwe?"

"Huyu hana mdomo, baba!" Oliva alipiga maji kwa kiganja. "Ndiyo maana namtazama ulimi, namshika miguu, nabahatisha. Wewe mdomo unao. Kila siku unaulizwa umeamkaje, unajibu salama. Mimi nitajuaje?" Kisha sauti yake ikashuka. "Mama naye alisema salama. Julai ile aliyougua, nilipomwandikia, alijibu hasikii baridi, nisisumbuke kupanda. Nikamwamini. Nilifika siku ya kuzika. Basi nikaapa kwako wewe sitauliza, nitafunika tu."

 Mzee alikuwa amesahau ile barua. Au tuseme alikuwa anajua nani aliyeiandika kwa niaba ya marehemu, na nani aliyemwambia mkewe wasimsumbue mtoto. Akatazama maji.

Oliva alichota maji kwa viganja viwili, akammwagia baba yake kichwani, polepole, kisha shingoni. Alikuwa bado amekasirika. Mzee aliisikia hasira katika mikono yake. Lakini alimmwagia mara nyingi.

Hansi aliumwa siku mbili. Alitapika, akakataa chakula, bwana mifugo wa kata akaja na sindano yake. Chumba cha mzee kilifunguliwa dirisha siku ileile. Mwalimu Cuthbert aliing'oa misumari mwenyewe, na kesho yake akahamishia kitanda cha mkwewe barazani, ubavu kwa ubavu na gunia la mbwa. Mitungi ikawa miwili. Usidhani wivu ulikwisha hapo. Jioni Oliva alipojaza mitungi, mzee aliinua shingo kutazama anaanza na upi.

Bwana Pankras aliporudi, mzee alimwendea kabla mtu mwingine hajamfikia, akamweleza yote, tangu maji mpaka sweta. Alitarajia matusi. Bwana Pankras alivua miwani, akaifuta.

"Mzee, mbwa wa baridi nilimleta mimi huku," alisema. "Kwa ajili ya upweke wangu tu. Kosa lako ni la siku moja, langu ni la mwaka mzima. Namrudisha Njombe kwa dada yangu. Akae kwenye ukungu wake."

Mzee alipaswa kufurahi. Usiku ule alilala macho wazi, upepo wa ziwa ukimpitia vizuri kifuani. Njombe! Kule asubuhi mtu akipumua, moshi unamtoka mdomoni. Na ili afike huko, huyo mbwa angepanda hadi Mbinga, milimani kwao mzee, angepita kwenye harufu ya kahawa iliyoanikwa, angetoa kichwa dirishani, angevuta hewa ya Ildefonsi Kapinga kwa pua ya mbwa asiyejua anavuta nini.

Alfajiri Oliva alimkuta amevaa koti, amekaa juu ya kisanduku chake.

"Nataka kupanda Mkumbi," alisema. "Mwezi mmoja. Wakati huu hakuna baridi huko, unajua. Nikisikia kifua, nitakuambia. Nitaandika mwenyewe, kwa mkono wangu."

Oliva alimtazama usoni, kama alivyozoea kumtazama mbwa. Alimgusa paji la uso, akamgusa nyuma ya shingo.

"Utaandika kweli?"

"Nitaandika hata nikipiga chafya."

Oliva akaingia ndani, akamfungia mihogo ya kuchemsha na usipa. Bwana Pankras hakuwa na pingamizi, angemshusha Mbinga mjini. Gari ilipowashwa, mzee aliagana na mkwewe, akaagana na Edina, akamshika binti yake mkono kwa muda. Kisha akazunguka upande wa pili kufungua mlango wa mbele.

Hansi alikuwa ameshakaa pale, wima, manyoya yamechanwa, ulimi nje, akitazama barabara kama meneja wa shirika.

Mzee Ildefonsi alisimama. Zamani angepanda nyuma na kusema kiti kile ni kizuri tu.

"Bwana Pankras," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani, "mbwa arudi nyuma. Mimi nakaa dirishani."